Uchambuzi wa Seti ya Fimbo ya Kuvulia kwa Anayeanza: Kuifunga na Kujifunza Kurusha

Ndugu watazamaji, nawasalimu kutoka Moshi. Bidhaa iliyo mbele yenu leo ni seti ya fimbo ya kuvulia ya bei ya chini, ile inayouzwa ikiwa imekamilika ndani ya mfuko mmoja: fimbo ya faibaglasi ya mita 2.1 yenye vipande viwili, rili (kifaa cha kukunjia mshipi), mshipi wa nailoni uliokwisha kukunjwa humo, ndoana chache, chubwi (kizito cha kufungwa kwenye mshipi) na chelezo. Nitaipima kwa swali moja. Je, mtu ambaye hajawahi kushika fimbo yenye rili anaweza kuifunga seti hii mwenyewe, akajifunza kurusha nayo mpaka chambo chake kitue pale alipokusudia? Jibu langu ni ndiyo, lakini kwa masharti mawili: mshipi uliomo utolewe uwekwe mwingine, na chubwi ilingane na fimbo. Nimewaona watu wenye mikono mizuri kabisa wakiacha kuvua kwa kudhani hawana kipaji, ilhali mikono yao haikuwa na kosa lolote. Mshipi ulikuwa umejazwa vibaya, au chubwi ilikuwa nyepesi mno kiasi kwamba fimbo haikuweza kupinda.

Tuanze na fimbo, kwa sababu ndiyo sehemu ya seti hii ninayoikubali bila shaka. Wengi wetu huku Kilimanjaro na Arusha tulianza kuvua kwa ufito wenye mshipi uliofungwa nchani, na kwa ufito wa namna hiyo chambo hakiwezi kwenda mbali zaidi ya urefu wa ufito na wa mshipi wenyewe. Fimbo yenye rili inafanya kazi tofauti. Inapinda inaposukumwa, inahifadhi nguvu katika ule mpindo, kisha inaiachilia nguvu hiyo kwa chubwi pindi inaponyooka. Faibaglasi hupinda taratibu kuliko kaboni na ni nzito kidogo mkononi, na wauzaji wengi watakuambia kwamba huo ni udhaifu. Kwa anayejifunza mimi naona ni faida kubwa, kwa sababu mkono unapata muda wa kuhisi fimbo ikijaa uzito kabla ya kurusha, na tena faibaglasi huvumilia kugongwa kwenye mlango wa gari au kukanyagwa na mtoto, mambo ambayo mara nyingi huivunja kaboni.

Duka hilohilo linauza seti nyingine ambayo fimbo yake ni ya kuvuta, yaani vipande vinavyoingiana hadi ikawa fupi ya kutosha kuwekwa kwenye begi la mgongoni. Naelewa kwa nini watu wanaipenda, maana kupanda daladala na fimbo ndefu si jambo rahisi. Hata hivyo, mimi nakushauri uchukue hii ya vipande viwili kama unaweza kuisafirisha. Katika fimbo ya kuvuta, kila kipande kinaweza kujizungusha peke yake, kwa hiyo pete za kupitishia mshipi zinahama kutoka kwenye mstari katikati ya zoezi, na vumbi letu la kiangazi likiingia kwenye maungio, vipande vinakwama au vinasagika. Ukilazimika kuinunua, ivute kuanzia nchani kuja kwenye mpini, ukizungusha kila kipande kidogo mpaka kikaze na pete yake ikae kwenye mstari; unapoirudisha kuwa fupi, anza na kile kinene kilicho karibu na mpini na umalizie nchani.

Kabla ya kulipa, fanya ukaguzi ufuatao palepale dukani, na muuzaji asikuharakishe. Chukua kipande cha pamba, kipitishe ndani ya kila pete na ukizungushe. Pamba ikinasa nyuzi mahali popote, pete hiyo ina mkwaruzo, na mkwaruzo huo utaukata mshipi polepole bila wewe kujua. Kisha unganisha vipande viwili na uitikise fimbo kwa upole: ukisikia kugonga kwenye maungio, omba nyingine. Mwisho soma maandishi yaliyo juu kidogo ya mpini. Hii yangu imeandikwa gramu 10 hadi 30, na hicho ndicho kiwango cha uzito ambao fimbo imetengenezwa kuurusha. Maandishi hayo madogo ndiyo maelezo muhimu kuliko yote yaliyomo kwenye mfuko, na ni ajabu kwamba mtengenezaji huyohuyo ameweka ndani ya mfuko chubwi ndogo ambazo, kwa kuzishika tu mkononi, unajua hazifikii hata gramu 10.

Sasa rili. Hii ni rili ambayo bobini yake, yaani kile kigurudumu kinachokunjiwa mshipi, haizunguki wakati wa kurusha. Mshipi unachomoka kwa mbele, mzunguko baada ya mzunguko, na kwa sababu hakuna kitu kizito kinachopaswa kuzungushwa, hata chambo chepesi huweza kwenda mbali. Mwingereza Alfred Illingworth alipata hataza ya rili ya namna hii mwaka 1905, na wazo lake la msingi ndilo lililomo hadi leo ndani ya rili hii ya plastiki. Nimeizungusha mkono wake, ni mwepesi na hauyumbi sana. Kitufe cha kuzuia kurudi nyuma kinashika. Breki ya mbele, ile inayoachia mshipi samaki akivuta kwa nguvu, ndiyo hafifu: inaachia mshipi kwa mishtuko badala ya kuuachia kwa ulaini, na kwa perege hilo halina madhara, lakini kambale mkubwa akivuta kwa ghafla mshipi unaweza kukatika. Mkono wa kuzungushia unaweza kuhamishwa kushoto au kulia. Anayetumia mkono wa kulia auweke kushoto, ili arushe kwa kulia na akunje mshipi kwa kushoto bila kubadilisha mikono kila mara.

Nafika kwenye mshipi, na hapa nitakaa kwa muda, kwa kuwa asilimia kubwa ya mateso ya wanaoanza inatoka hapa. Mshipi uliokuja na seti hii ni mnene na umekaa kwenye bobini muda mrefu hadi umeshika umbo la duara; ukiuachia mezani, unajikunja wenyewe. Mshipi kama huo unapotoka kwenye bobini unasugua kila pete, unapunguza umbali, na unajisokota kuwa fundo usiloweza kulifungua. Uondoe. Nunua nailoni mpya ya milimita 0.25, ambayo kwa kawaida hubeba kati ya kilo 4 na 5, na usome lebo kuthibitisha.

Kaza rili kwenye kipande cha chini cha fimbo. Kabla ya kufunga mshipi, fungua tao la waya, yaani ule waya uliopinda unaouongoza mshipi kwenye bobini. Mtu akilisahau hilo atafunga fundo zuri, kisha akizungusha rili ataona mshipi haukunjiki, na itambidi aanze upya. Pitisha mwisho wa mshipi mpya kwenye pete ya kwanza ya fimbo ukielekea kwenye rili, uzungushe kwenye kiini cha bobini, ufunge fundo la kitanzi linalojikaza, na ukate mkia mfupi. Funga tao. Sasa laza bobini ya dukani sakafuni, lebo ikitazama juu, shika mshipi kwa kitambaa chenye unyevu mbele ya pete, na uzungushe rili mizunguko kama kumi hivi. Simama. Legeza mshipi kati ya sakafu na fimbo utazame: ukilala kwa utulivu, endelea, ukianza kujisokota, geuza bobini ya sakafuni iwe chini juu, kisha jaribu tena. Jaribio hili halichukui hata dakika moja, nalo ndilo linaloamua kama mshipi wako utakuwa mtiifu au utakuwa msokotano wa kudumu.

Endelea kukunja huku kitambaa kikiukaza mshipi kwa nguvu ya wastani, mpaka ubaki kama milimita 2 kufikia ukingo wa bobini. Ukijaza kupita hapo, mizunguko mingi itachomoka kwa pamoja na kufanya tita mbele ya pete ya kwanza. Ukiacha bobini nusu tupu, mshipi utasuguana na ukingo kila unapotoka, na chubwi itaanguka karibu hata ukirusha kwa ufundi. Niliukunja mshipi wangu kwa kufuata hatua hizi, na tofauti na ule wa awali ilionekana katika urushaji wa kwanza: mshipi ulitoka bila kelele, na chubwi ikapita mstari ambao hapo kabla ilikuwa inaishia.

Kuunganisha fimbo ni kazi fupi. Ingiza kipande cha juu kwenye cha chini pete zikiwa zimepishana kidogo, kisha zungusha mpaka zinyooke, ukifumba jicho moja na kutazama kutoka kwenye mpini kuelekea nchani. Hakikisha rili inaning'inia chini ya fimbo na kikalio chake, pale inapokaa, kimekazwa, fungua tao, kisha pitisha mshipi kwenye kila pete bila kuruka hata moja, halafu funga tao na uvute mshipi kuhakikisha kwamba haujazunguka fimbo yenyewe.

Fundo la mwisho wa mshipi nakufundisha moja tu, kwa kuwa linatosha kwa nailoni. Pitisha mshipi kwenye tundu la ndoana au la chubwi, uzungushe mkia wake juu ya mshipi mkuu mara tano au sita, urudishe mkia kwenye kitanzi kidogo kilicho karibu na tundu, kisha uupitishe tena kwenye kitanzi kikubwa ulichokitengeneza sasa hivi. Lowesha kwa mate au maji kabla ya kukaza. Nailoni ikikazwa kavu hupata joto la msuguano na kudhoofika palepale penye fundo, na hapo ndipo samaki atakapokukatia.

Breki huwekwa kati ya robo na theluthi ya nguvu ya mshipi. Kwa mshipi wa kilo 4, robo yake ni kilo 1, na kila nyumba ina kipimo cha kilo 1. Funga mfuko wa kilo ya sukari kwenye mshipi, bobini ikitazama chini ili pete za fimbo zisiongeze msuguano, na uuinue polepole kwa kushika rili. Zungusha kidude cha breki mpaka mfuko uanze tu kuteremka wenyewe. Watu wengi huikaza breki hadi mwisho wakidhani wanajihakikishia samaki, lakini kwa kweli wanampa samaki nafasi ya kukata mshipi.

Kurusha usijifunzie majini. Nenda kwenye uwanja wa mpira wenye nyasi, asubuhi kabla wachezaji hawajafika, na usifunge ndoana kabisa. Funga chubwi ya gramu 20 iliyoviringishwa kitambaa, au nati ya chuma yenye uzito unaokaribia huo, kwa maana fimbo yetu inataka gramu 10 hadi 30 na katikati ya kiwango hicho ndipo inapojieleza vizuri zaidi. Weka beseni au tairi chakavu umbali wa mita 10 na uliache hapo. Usishindane na umbali bado. Tazama juu na nyuma kila mara kabla ya kurusha. Kama kuna nyaya za umeme, hama uwanja, hasa kama fimbo ni ya kaboni, kwa sababu kaboni hupitisha umeme. Na ukisikia radi upande wa mlima, laza fimbo chini na uondoke uwanjani.

Shika fimbo hivi: shingo ya rili ikae kati ya kidole cha kati na cha pete, ili kidole cha shahada kiwe huru kufikia mshipi. Kunja mpaka chubwi ining'inie kama sentimita 30 kutoka nchani. Zungusha rili hadi mahali mshipi unapopita pawe karibu kabisa na kidole cha shahada, uunase kwa nyama ya ncha ya kidole, si kwa kifundo, kisha fungua tao kwa mkono wa pili. Kuanzia sasa kidole hicho ndicho kinachoishika chubwi.

Mkono wa kushoto ushike mwisho wa mpini. Elekeza fimbo kwenye beseni. Inua taratibu mpaka ipite wima kidogo, ncha ikitazama nyuma yako, na usimame kitambo kifupi ili chubwi iivute ncha nyuma. Kisha mkono wa juu usukume mbele huku wa chini ukivuta kuelekea tumboni, kwa mwendo unaoongeza kasi na kusimama ghafla, mfano wa fundi anayepigilia msumari, ambaye nguvu yake yote huishia pale nyundo inapogusa. Fimbo isimame ikiwa imeinama mbele kiasi cha nyuzi 45, na katika ule msimamo ndipo kidole kinapoachia mshipi. Usiisukume chubwi kwa bega. Fimbo ndiyo inayorusha. Kazi yako ni kuipinda na kuiacha inyooke.

Chubwi ikienda juu kama inatafuta mawingu, umeachia mapema. Ikijipiga chini mita chache mbele ya miguu yako, umechelewa. Ikienda kushoto au kulia, mikono imepita njia ya mshazari, basi hakikisha ncha inapita juu ya kichwa chako kwa mstari ulionyooka. Na kama kidole kinaachia kwa wakati unaofaa lakini chubwi inaanguka karibu, usiongeze nguvu. Angalia kwanza kama bobini imejaa na kama uzito unatosha. Ninasisitiza hili kwa sababu nguvu ndiyo dawa ambayo kila mwanafunzi huikimbilia, na ndiyo inayoharibu mwendo wake kwa muda mrefu.

Chubwi inapokaribia kutua, rudisha kidole taratibu kwenye ukingo wa bobini ili kuupunguza mwendo wa mshipi. Hapo ndipo ulengaji ulipo: anayejua kutumia kidole huweza kurusha kupita beseni kidogo, kisha akaisimamisha chubwi juu yake. Ikishatua, funga tao kwa mkono, si kwa kuzungusha rili, uuvute mshipi ukaze, ndipo uanze kukunja. Rili hii itakuruhusu kufunga tao kwa kuzungusha, lakini kila unapofanya hivyo kitanzi kilegevu kinaweza kubaki kwenye bobini, na kitanzi hicho ndicho kinachozaa tita katika urushaji unaofuata.

Ukiweza kulifikia beseni mara nyingi kuliko unavyolikosa, lisogeze mita 15, kisha uende majini. Kama unakwenda Ziwa Duluti pale Tengeru, ujue kwamba ni ziwa la kreta lililozungukwa na msitu wa hifadhi, na matawi yaliyo nyuma yako hayataruhusu fimbo ipite juu ya kichwa. Mahali pa namna hiyo tumia urushaji wa kubembeza: acha mshipi uning'inie karibu nusu ya urefu wa fimbo, uibembeze chubwi mbele na nyuma ukiwa umeelekeza fimbo majini, na uachie inapopanda kwenda mbele. Umbali utakuwa mfupi, nawe hutahitaji umbali. Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa miaka ya 1960 kusini mwa Moshi pale yanapokutana maji ya Kikuletwa na Ruvu, ni kinyume chake: kuna uwazi na upepo. Simama upepo ukikupiga mgongoni ikiwezekana, na ukilazimika kurusha dhidi yake, achia ukiwa umechelewa kidogo ili chubwi iende chini-chini. Huko kuna mamba, kwa hiyo usiingie majini kufuata ndoana iliyonasa, wala usisimame ukingoni penye matete. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inadai leseni, na kuna nyakati ambapo mamlaka zimefunga uvuvi bwawani ili samaki waongezeke. Pitia ofisi ya uvuvi ya halmashauri kabla ya kusafiri.

Kwa perege, chelezo kilichomo kwenye seti kinafaa, pamoja na ndoana ndogo na nyungunyungu. Kwa kambale ondoa chelezo, acha chambo kilale chini. Samaki akishika na breki ikaanza kuachia mshipi, usizungushe rili wakati huo, kwa kuwa kila mzunguko wa rili usiokunja chochote unaongeza msokoto kwenye mshipi. Inua fimbo, kisha ishushe huku ukikunja, halafu inua tena. Ndoana ikinasa kwenye mti au jiwe, usiivute kwa kupinda fimbo. Elekeza ncha moja kwa moja kwenye mshipi, viringisha kitambaa mkononi, uvute kwa kurudi nyuma huku uso ukiwa umeugeuza pembeni.

Ukirudi nyumbani, tenganisha vipande, vifute kwa kitambaa chenye maji safi, uviache vikauke kivulini kabla ya kuvirudisha kwenye mfuko, na ulegeze breki kabisa ili vibao vyake vya ndani visigandamane. Kata pia mita moja au mbili za mwanzo za mshipi ikiwa zimekwaruzika, na ufunge fundo jipya.